Msumari wa Hamsini na Nane

Babu yangu alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo alikusanya sarafu za aina moja tu: senti kumi yenye tundu katikati, ile ambayo hata ilipokuwa mpya haikutosha kununua kitu cha maana. Sarafu za fedha hakuzitaka, wala zile zilizolala kwenye masanduku ya matajiri bila kuguswa. Alitaka zilizopita mikononi mwa watu, zilizokwaruzika na kufifia, moja kwa kila mwaka, kuanzia arobaini na tano hadi sitini na nne, mwaka ambao ziliacha kutengenezwa. Jumla yake ishirini.

Alizitundika kwenye ubao. Seremala alimpigia randa kipande cha mbao, naye Babu akapigilia misumari ishirini ya shaba isiyo na vichwa, safu nne za misumari mitano mitano, na chini ya kila msumari akaandika mwaka kwa wino mweusi. Misumari kumi na tisa ilikuwa na sarafu. Wa hamsini na nane ulikuwa mtupu. Ulikuwa mtupu kabla baba yangu hajazaliwa, na mimi nilipojifunza kuhesabu, nilihesabu kwa ubao ule, nikaamini kwa muda mrefu kwamba baada ya hamsini na saba watu wote duniani hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Kanuni yake ilikuwa fupi: senti kumi kwa senti kumi. Sarafu aliyoitaka ilipoingia dirishani kwake, alitia kwanza ya kwake kwenye droo, akamwita karani wa dirisha la pili aone, ndipo akaichukua ile. Hata sarafu hizo zilipoondolewa sokoni hakuibadili kanuni; aliyemletea moja alipewa sarafu ndogo kuliko zote iliyokuwa ikitumika siku hiyo, na si zaidi. Kununua kwa bei ya juu hakukubali. "Anayenunua hakusanyi," alisema. "Anayenunua ananunua."

Shangazi yangu, binti yake mkubwa, aliyeishi naye na kumpikia, aliuita ubao ule Benki Kuu. Kila Babu alipoutoa chini ya kitanda, alisikika kutoka jikoni, "Benki imefungua? Mimi naomba mkopo wa chumvi!"

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea historia, daktari wa macho alimweleza Babu hali yake mbele yetu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lisingeweza kusoma maandishi madogo baada ya mwaka ule kwisha.

"Na tarakimu?" Babu aliuliza.

Daktari alidhani hakusikika vizuri, akarudia maelezo yote tangu mwanzo kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nimeelewa. Babu alitaka kuutundikia msumari ule sarafu yake, kwa mkono wake, baada ya kuusoma mwaka kwa jicho lake. Alikuwa amebakiwa na miezi saba.

Niliamini wakati ule, na bado naamini, kwamba historia ya watu wasioandikwa imo katika vitu vidogo walivyovishika, na kwamba anayevitunza vitu hivyo anastahili kusaidiwa. Tatizo lilikuwa namna ya kusaidia.

Mtaa wa pili kutoka chuoni palikuwa na fundi saa mwenye kibanda chembamba kama kabati la nguo. Pembeni mwa saa aliuza sarafu kuukuu, kila aina kwenye kopo lake. Nilimwambia ninachotafuta. Alimwaga kopo moja mezani, akazichambua kwa kidole kama mtu anayechagua mchele.

"Hamsini na nane, hii hapa. Si adimu, dada. Ila si nyingi vilevile."

Iling'aa kama kifungo cha koti la askari. Bei aliyoitaja ilikuwa mara arobaini ya thamani yake ya zamani.

"Mbona imekuwa mpya hivi?"

"Nimeiosha. Limau na majivu. Mteja hapendi uchafu."

Nililipa. Njiani nilitunga maelezo, na nakiri kwamba nilipoyatunga sikuona aibu. Nilijiona mtu mwema. Jumapili nilipofika nyumbani nilimkuta Babu amekaa karibu na dirisha, nikamwekea sarafu kiganjani.

"Mfagizi wa bweni letu alikuwa nayo," nilisema. "Nimempa sarafu moja, kama kanuni yako."

Babu hakuichukua lensi yake. Aliipitisha sarafu puani. Akazungusha ukucha wa kidole gumba ukingoni mwa tundu, taratibu, mara mbili.

"Mfagizi wa bweni lenu anaosha pesa kwa limau?"

Nilivuta kiti, nikaketi.

"Ulilipa ngapi?"

Nikamwambia.

"Mara arobaini," alisema, bila hasira, kama mtu anayesoma uzito wa kifurushi kwenye mizani. Alinirudishia sarafu. Kisha akasema, "Mwanahistoria," neno hilo moja tu, akamwita shangazi alete chai.

Wiki mbili baadaye alinipa kazi. Daftari lake la sarafu, lenye jalada la kijani na kurasa zilizogeuka rangi ya mkate, liliandikwa kwa herufi ndogo ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzisoma tena bila lensi. Alitaka nilinakili kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za tangazo la ukutani, alisome lote mara ya mwisho kabla ya jicho kufunga duka.

"Andika kilichoandikwa," aliniagiza. "Usinisaidie."

Nilinakili kila Jumapili mezani kwake. Daftari lilikuwa na kila sarafu aliyopata kuishika, hata zile alizokuwa nazo tayari: tarehe aliyoipokea, ilikotoka, hali yake. *Kutoka kwa mzee wa barua ya rejista, imechakaa, mwaka unasomeka. Kutoka kwa mwalimu, ina alama ya jino.* Nilijifunza kazi yake kwa kuinakili. Aliipima sarafu kwa uchakavu wake kama tabibu anavyompima mtu umri kwa meno. Sarafu ya miaka minne iliyokuwa ikizunguka, aliandika mahali fulani, hupoteza ukali wa ukingo. Ya miaka kumi hupoteza majani ya shada lililochorwa kuzunguka tundu.

Jumapili ya tano nilifika mwaka hamsini na tisa, nikaandika maneno haya kwa kalamu nene kabla sijayatafakari:

*Tarehe 9 Machi. Senti kumi, mwaka 53. Kutoka kwa mama wa bahasha mbili. Mpya kabisa, inang'aa, ukingo mkali. Ninayo tayari. Nimempa mke wangu kwa mfuniko.*

Nilirudi nyuma kurasa nyingi kutafuta ile ya hamsini na tatu iliyokuwa kwenye ubao. Ilipokelewa mwaka hamsini na saba. *Imechakaa kiasi,* alikuwa ameandika, *ukingo umelala.* Basi sarafu moja ya mwaka ule ilikuwa imelala ukingo baada ya miaka minne, na dada yake wa tumbo moja, miaka miwili baadaye, bado aling'aa kama bibi harusi. Ingewezekana kwamba ilikaa kwenye kopo la mtu miaka sita bila kuguswa. Ingewezekana pia kwamba haikuwa na miaka sita.

Safari hii sikutunga kitu. Nilimsomea maandishi yote mawili, neno kwa neno, kisha nikayasoma tena.

Babu alilivuta daftari karibu, sufuria ikichemka upande wa pili wa ukuta.

"Tarehe tisa Machi," alisema hatimaye. "Siku za malipo ya pensheni. Foleni ilifika barabarani." Akatikisa kichwa. "Karani mzima. Nafundisha wenzangu soma mwaka mara mbili, soma mwaka mara mbili."

"Mfuniko upi, Babu?"

"Kwani nyumba hii ina mifuniko mingapi?"

Nyumba ilikuwa na mfuniko mmoja uliostahili kutajwa. Ulikuwa wa sufuria kubwa, mzito, na kishikio chake cha mbao kilikuwa kimefungwa kwa boliti iliyopita katikati. Kwa ndani, chini ya nati, palikuwa na kiduara cha chuma kilichozuia boliti isichomoke. Nimeuosha mfuniko ule mara zisizo na hesabu. Sikupata kujiuliza kile kiduara ni nini. Nilidhani ni washa, kama washa zote.

Shangazi alikuwa anachemsha viazi.

"Shangazi, naomba mfuniko."

"Umeona sufuria iko motoni ndiyo unaomba mfuniko. Huko chuo kikuu mnafundishwa kula viazi vibichi, Profesa?"

"Kuna sarafu ya Babu hapo ndani."

Aliufunua, akauangalia kwa ndani huku mvuke ukimpanda usoni. "Hapa kuna sarafu ya mama yangu. Ya babu yako iko benki."

Babu alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mmoja ukutani. "Binti, nakupa washa. Mpya. Kitu kwa kitu."

"Washa ya dukani inashika kutu wiki ya kwanza. Mfuniko huu mama aliniachia mimi, Baba. Hakuwaachia nyinyi na daftari lenu."

"Ya chuma kisichoshika kutu."

"Mbili."

"Moja kwa moja. Ndiyo kanuni."

"Kanuni zako zilikuwa posta. Huku jikoni ni mbili."

Babu alifikiri. Niliona kwamba alifikiri kwa dhati, na kwamba washa ya pili isingemgharimu chochote, na kwamba hata hivyo hangeitoa. "Nikikupa mbili nitakuwa nimenunua," alisema. "Moja. Kishikio kikilegea njoo unidai."

"Nitakuja kudai huko huko uliko, hata kaburini," alisema shangazi, akaurudisha mfuniko juu ya sufuria. "Viazi viive kwanza."

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi wakati viazi vikiiva. Muuzaji aliuliza nataka washa ngapi. Niliposema moja, aliniangalia kama mtu aliyeomba punje moja ya mchele.

Nati ilikuwa imegandana na boliti. Shangazi aliidondoshea mafuta ya kupikia, tukasubiri, kisha akaikamata kwa plaizi na kuizungusha mwenyewe, akakataa msaada wetu sote. Sarafu ilidondoka mezani na kuzunguka kabla ya kulala. Upande uliokuwa nje, uliotazama chakula, haukuwa na kitu. Haukuwa na shada wala herufi, ulikuwa laini kama kokoto ya mtoni, kwa sababu kwa zaidi ya miaka arobaini shangazi alikuwa ameusugua kwa waya wa kusugulia kila siku ya Mungu. Upande wa pili, uliobanwa kwenye bati la mfuniko, ulikuwa mweusi wa mafuta na moshi.

Shangazi alinyoosha mkono kuchukua sabuni.

"Usioshe!" Babu alisema kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo.

"Nimeiosha tangu nywele zangu nyeusi, leo ndiyo nisiioshe?"

Babu aliifuta kwa kitambaa kikavu. Akachukua kijiti cha meno, akachokonoa weusi kidogo kidogo kuzunguka tundu, kwa kugusa zaidi kuliko kwa kuona. Majani ya shada yalianza kutokeza, makali, yenye mishipa yake yote. Bati la mfuniko lilikuwa limeyahifadhi. Kisha alikwenda dirishani na lensi yake, akageuza uso upande jicho la kulia lilikokuwa bado linafanya kazi.

Alisoma kwa muda mrefu. Aliigeuza sarafu kufuata mwanga, akaisogeza mbali, akaileta karibu hadi kope zikagusa lensi.

"Tano," alisema. "Tano naiona." Halafu, baada ya muda, "Tatu."

Akashusha lensi. Sikutegemea kwamba angecheka, lakini alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Siku ile nilikuwa na macho mawili mazima, nikasoma tatu. Leo nina nusu jicho, nasoma tatu vilevile. Jicho halijaharibika. Lilikuwa hivi tangu zamani." Akaninyooshea sarafu. "Soma wewe."

Niliinamisha lensi. Upande wa kushoto wa tarakimu ya mwisho bado ulikuwa na mafuta yaliyoganda, lakini chini ya mafuta mstari ulizunguka na kujifunga, juu na chini. Niliangalia mara mbili, kama kanuni. Niliangalia mara ya tatu kwa sababu nilitamani mno iwe hivyo, na sikuiamini tamaa yangu.

"Nane, Babu."

Ubao ulikuwa mapajani mwake tayari.

"Ni nane kweli."

"Nakusikia."

"Basi itundike."

"Siwezi," alisema. Alisema kwa upole, na ndiyo maana nayakumbuka maneno yake hadi leo. "Na mfagizi wa bweni pia nilikusikia ulivyomsema. Sauti ilikuwa hii hii."

Nilisimama pale na lensi mkononi. Nilikuwa nimesema kweli, nayo haikuwa na kazi, kwa sababu nilikuwa nimeitumia mapema sauti ambayo kweli huhitaji. Mtu pekee mwenye macho mazuri aliyekubali kusoma tarakimu zake alikuwa mimi, na mimi sikuwa shahidi tena.

Babu alipapasa ukingo wa ubao. "Mwite shangazi yako," alisema. "Usimwambie tunatafuta ngapi."

Shangazi hakupata kuujali ubao ule maisha yake yote. Alijua kwamba kuna msumari mtupu kama anavyojua mtu kwamba jirani yake ana deni. Ni wa mwaka gani, hakuuliza. Alikuja akijifuta mikono kwa kanga, nikampa sarafu bila neno. Aliishika mbali, urefu wote wa mkono, akafumba jicho moja.

"Hapa pameandikwa nini?" Babu aliuliza.

"Pesa."

"Mwaka, binti. Nisomee mwaka."

"Moja. Tisa. Tano." Alisogea mlangoni kwenye mwanga. "Nane. Kwani mlitaka ngapi? Kama mlitaka nyingine semeni mapema, nina vyombo vya kuosha."

"Soma tena ya mwisho."

"Nane, Baba. Kibuyu hiki hapa, na kiuno chake. Mnataka nikiimbie?"

Babu alipokea sarafu. Alihesabu misumari kwa kidole gumba: safu ya tatu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Aliupata msumari, akauzungusha kidole kama anayejaribu kama bado uko imara, akaitundika sarafu upande wenye mwaka ukiwa nje. Ilining'inia kidogo, ikatulia. Nyeusi kati ya ndugu zake wa rangi ya shaba.

"Sasa benki imefungwa?" shangazi aliuliza.

"Imefungwa."

"Basi mniletee mfuniko wangu."

Aliifunga ile washa mpya mwenyewe, akautikisa mfuniko karibu na sikio, akaguna. Babu alinitaka nifungue daftari, lile lile la kijani, ukurasa wa mwisho. Alisema na mimi nikaandika. *Senti kumi, mwaka 58. Imepokelewa mara ya pili. Upande mmoja umesuguliwa wote, upande wa mwaka hali nzuri sana. Kutoka kwa binti yangu, kwa washa moja. Aliyesoma mwaka: binti yangu.* Nilingoja kama kuna zaidi. *Aliyeandika,* akaongeza, *mjukuu.*

Nilimuuliza kama nifute ile tatu ya tarehe tisa Machi.

"Usifute. Andika pembeni kwamba nilikosea, na leo ni tarehe ngapi."

Mwaka ulipokwisha, jicho lilikwisha kama daktari alivyosema, labda wiki chache kabla. Sarafu ya fundi saa ninayo kwenye bahasha, na juu ya bahasha nimeandika bei niliyolipa na maneno niliyosema. Jumapili nikienda nyumbani, Babu huutoa ubao, akauweka mapajani, akaniambia nisome. Nasoma kwa mpangilio, arobaini na tano, arobaini na sita, na yeye hufuata kwa kidole gumba. Hanikatizi hadi safu ya tatu. Nikifika hamsini na saba, huinua mkono ninyamaze, kisha humwita shangazi kwa sauti. Naye bila kuja, bila hata kuzima maji ya bomba, hujibu kutoka jikoni:

"Nane, Baba! Na kishikio kimelegea!"